Haloperidol: hatulii, ni ugonjwa au dawa?

Nesi wa zamu: Wakuu, kijana wa miaka 24, skizofrenia (ugonjwa wa akili), haloperidol, dawa ya kutuliza saikosisi (kupoteza uhalisia), mg 5 asubuhi na jioni. Sauti anazosikia kichwani zimepungua, lakini tangu juzi hakai kitini. Benzhexol, dawa ya kupunguza madhara ya haloperidol, haijasaidia. Zamu ya usiku wanataka dozi iongezwe.

Tabibu_Akili: Msiongeze! Hiyo inanukia akathisia, yaani kushindwa kutulia kunakoletwa na dawa, na dozi kubwa huichochea. Mkalishe dakika mbili, kisha msimamishe mbili, utazame miguu: anapiga hatua palepale? Halafu muulize anahisi nini ndani. Wa akathisia husema miguu yenyewe inamsukuma. Mwenye saikosisi mara nyingi hutaja sauti au maadui. Muulize pia kuhusu kujiua, maana hali hii huwachosha vibaya.

Mfamasia: Benzhexol ni ya shingo kupinda, kukakamaa na kutetemeka, hapa husaidia kidogo mno. Daktari apunguze haloperidol, labda mg 5 usiku tu, aanze propranolol (dawa inayopunguza mapigo ya moyo) mg 10 mara mbili kwa siku. Pumu au mapigo ya chini? Basi propranolol isiguswe.

Tabibu_Akili: Na pimeni joto. Homa, mwili mgumu kama ubao na kuchanganyikiwa: simamisheni haloperidol, hiyo ni dharura.