Ndia Kuu, Mji wa Kale Mombasa: inafufuka kweli ama ni rangi tu?

BintiMvita:
Assalam aleikum wenzangu. Juzi nimepita Ndia Kuu kutoka Fort Jesus mpaka kule Government Square, nikaona nyumba kadhaa zimetengenezwa, roshani za mbao zimepakwa vanishi zinang'ara, chini maduka ya vinyago na leso, lakini nyumba ya pili yake ukuta umeota mti na dari lishaanguka. Wazee wetu husema hii ndo ilokuwa barabara ya maana Mombasa, kabla hata ya Moi Avenue. Sasa ilikuwaje mpaka ikafifia? Na haya matengenezo yatafika wapi? Watu wa mitaa ya Mji wa Kale, Kibokoni na Kuze, naomba mnijibu.

Nahodha_wa_Kale:
Waaleikum salaam dada. Njia yenyewe ni ya zamani kuliko nyumba unazoziona. Wareno walipoanza kujenga ngome 1593 mtaa wao ulikuwa papo hapo, wakiuita La Raposeira, mpaka walipofukuzwa 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Hizo nyumba za roshani nyingi ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa 20, utaona mkono wa Gujarat kwenye mbao na mkono wa Waswahili kwenye mawe. Waingereza walipotangaza himaya 1895 Mombasa ndo ikawa makao makuu yao ya kwanza, kwahivyo ofisi na wafanyabiashara wakubwa wote walikuwa upande huu, na mjini kulikuwa na vireli vyembamba vya vigari vinavyosukumwa na watu, mkubwa amekaa juu chini ya kivuli na maskini ya Mungu wanasukuma na jua lote lile, mambo hayo yaliendelea mpaka miaka ya 1920.

Kilichoiangusha ni bandari. Reli ilianza kujengwa 1896, meli kubwa zikawa zaenda Kilindini kwenye kina, biashara ikazifuata, na serikali nayo ikahamia Nairobi. Bandari ya kale ikabaki na majahazi ya Uarabuni na Ghuba, yaja na upepo wa kaskazi yamebeba tende na mazulia, yarudi na upepo wa kusi yamebeba boriti, nayo yakapungua mwaka baada ya mwaka.

FundiChokaa:
Mimi nazungumzia kuta manake ndo kazi yangu. Nyumba za Ndia Kuu ni mawe ya matumbawe na chokaa, juu boriti za mikoko, na ndo sababu vyumba vyake ni vyembamba na virefu, upana wa chumba ni urefu wa boriti basi. Ukuta wa chokaa hupumua, unyevu waingia na watoka. Sasa mwenye nyumba akiona plasta yabanduka anaita mtu ampigie simiti na rangi ya mafuta juu, kwa mwaka mmoja inapendeza kweli, lakini maji na chumvi vishafungiwa ndani, vichwa vya boriti vinaoza mle ukutani hakuna anayeona, halafu siku ya mvua dari lashuka. Ongeza na tangi la maji limewekwa juu na bomba lavuja. Kwahivyo swali lako la rangi ni zuri sana, wallahi rangi nyengine ndo zinazoua nyumba.

Mrithi77:
Fundi umesema kweli ila kuna jambo la mirathi. Nyumba nyingi ni za warithi wengi, mmoja yuko hapa, mwengine Muscat, mwengine London, ama ni wakfu, na mpangaji wa miaka mingi alipa kodi ya zamani isiyotosha hata kununua mbao. Nani atatoa pesa? Mji wa Kale ni eneo la hifadhi kisheria tangu 1990, hubomoi wala hujengi bila idhini ya ofisi ya uhifadhi chini ya Makumbusho ya Kitaifa, nami naunga mkono, bila hiyo saa hii tungekuwa na maghorofa ya vioo mbele ya ngome. Lakini katazo peke yake halitengenezi paa. Mwenye nyumba asaidiwe mbao na chokaa.

Wa_Malindi_Unguja:
Sie huku Mji Mkongwe tuko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na bado Beit al Ajaib, lile jumba la zamani la sultani, iliporomoka Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, watu wakafa. Na jengine la kuangalia ni watalii. Barabara ya Gizenga imejaa maduka yao, pazuri, lakini wenyewe wengi washahama. Msiwache Ndia Kuu ikafika huko, barabara ibaki na watoto wanaokwenda chuoni kusoma Qurani na wazee barazani, duka la vinyago liwe jirani yao.

BintiMvita:
Shukran nyote. Fundi, kwetu ni kichochoro cha nyuma hapo, ukuta wa nyumba ya nyanya yetu walia maji na tulishaagiza simiti.

FundiChokaa:
Simiti irudisheni dukani. Kwanza tafuteni maji yatoka wapi, paa ama bomba, mzibe. Mbandue plasta mbovu muwache ukuta ukauke msimu mzima wa kaskazi, ndo mpige chokaa. Na mupite ofisi ya uhifadhi kabla ya kugusa kitu, muwaulize mafundi wanaojua chokaa, wapo.