Kidato cha pili hawafungui mdomo kipindi cha Kiingereza, wenzangu mnafanyaje?

mwl_wa_chaki:
Wakuu habari za saa hizi. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili shule ya kata, darasa lina watoto 80 na kitu, msingi walisoma kila kitu kwa Kiswahili halafu walivyoingia kidato cha kwanza ghafla baiolojia, jiografia, hesabu, vyote Kiingereza. Kuandika wanajitahidi, ukiwapa zoezi la grama wanapata, ila msimamishe mtoto aseme sentensi mbili tu, anaangalia chini mpaka unamwonea huruma. Debeti tunafanya Ijumaa lakini wanaoongea ni walewale, wengine kazi yao makofi. Naomba vitu vya kufanya darasani kabisa, projekta hatuna na fotokopi ni ya mitihani tu.

ticha_wa_Moro:
Mkuu tatizo ni huko kumsimamisha. Mmoja anaongea, darasa zima linamsubiri akosee wacheke, hapo nani atathubutu? Waongee wote kwa mpigo, wawili wawili. Mimi ninayoipenda haitaki hata karatasi ya ziada: nusu ya darasa wanaupa ubao mgongo, daftari mapajani, mimi nachora ubaoni vitu vya kawaida, nyumba, mwembe kushoto, mbuzi wawili chini ya mwembe, mama na ndoo kichwani. Anayeona ubao anamwelekeza mwenzie kwa Kiingereza achore, kuonyesha kwa kidole marufuku. Utasikia "no no, the goat is under the tree, not on the tree!" na huyo ni mtoto ambaye tangu mwaka uanze hujawahi kusikia sauti yake. Wakimaliza wanageuka wanalinganisha, vicheko hapo vinakuwa vya mbuzi aliyekaa juu ya paa, sio vya mtu, halafu wanabadilishana zamu na unachora kitu kingine. Maneno watakayohitaji waandikie pembeni ya ubao kabla hujaanza, ukiwaacha mikono mitupu watarudi kwenye Kiswahili sasa hivi na utakuwa huna haki ya kuwalaumu.

mwalimu_Kisumu:
Salamu kutoka Kenya. Jaribu ile ya 4/3/2, Paul Nation, yule mtaalamu wa ufundishaji wa lugha, ameiandikia sana. Mwanafunzi anaongea dakika 4 kwa mwenzake, anahamia kwa msikilizaji mwingine anarudia mambo yaleyale kwa dakika 3, wa tatu dakika 2. Wa kidato cha pili anza na dakika 2, moja na nusu, moja. Topiki iwe kitu anakijua vizuri, vile ugali hupikwa kwao, safari ya kwenda kwa nyanya yake. Mara ya tatu utashangaa vile inatoka bila kukwama, kwa sababu hatafuti tena cha kusema. Na tafadhali, kama shule yenu ina ile diski ya kumvisha mtoto aliyeshikwa akiongea Kiswahili ama lugha ya mama, piganeni itolewe. Mtoto akiogopa diski hajifunzi Kiingereza, anajifunza kunyamaza siku nzima.

bint_Unguja:
Mie nafundisha Kiswahili wageni huku Unguja, na watu wazima wenye digrii zao nao huganda vilevile. Nawatoa nje. Nawapeleka soko la Darajani, kila mmoja arudi na bei ya changu na ya tasi, na ajue muuzaji anatokea kijiji gani, Nungwi, Kizimkazi, wapi. Muuzaji hana habari na ngeli, anataka kuuza samaki wake, basi mgeni lazima aongee. Nyinyi mnaweza kufanya duka hapohapo darasani, huyu ana orodha ya bei yule ana pesa na mahitaji, bora kila mmoja awe na kitu ambacho mwenzie hakijui.

mwl_wa_chaki:
Ahsanteni sana, ya ubao naanza nayo Jumatatu. Ila watoto 80 wakiongea pamoja darasa la jirani litalalamika, na makosa nayasahihisha saa ngapi?

ticha_wa_Moro:
Kelele mwambie mwenzio mapema, au watoe chini ya mti. Makosa usimkatize mtu, wewe pita katikati ya madawati na kidaftari, andika unayoyasikia mara nyingi, dakika 5 za mwisho yaweke ubaoni bila jina la mtu wayarekebishe wenyewe. Wiki ya kwanza chagua matatu tu, mengine yaache kwanza.