Tupeane uzoefu: kufundisha misingi ya imani na kujenga ushirika kanisani, kwako ilikuaje?

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi nafundisha darasa la waongofu wapya, huu mwaka wa sita sasa, na kuna jambo limenikaa moyoni nimeona nililete hapa tusaidiane maana najua humu kuna walimu, wazee wa kanisa, viongozi wa vikundi vya nyumbani na hata washirika wa kawaida tu ila mmeona mengi.

Nilikuwa na kaka mmoja darasani, mwenye bidii kweli kweli. Wiki kumi na mbili hakukosa hata moja. Imani ya Mitume, yale maneno ya kukiri imani tunayoyasema pamoja ibadani, aliishika yote kichwani ndani ya wiki ya tatu, ukimuuliza habari ya kuhesabiwa haki anakupa Warumi 5:1 bila kufungua kitabu. Akabatizwa, tukapiga picha, tukamshangilia, mimi nikaanza na kundi jingine. Baada ya kama miezi minne hivi ndo nashtuka kwamba simuoni. Nauliza huku na huku, huyu anasema labda kahama, yule anasema mbona kitambo. Nikamtafuta mpaka nikafika anapoishi, nikamkuta kalala mguu umefungwa, aliumia kazini na hiyo ilikuwa wiki ya tano yuko hivyo. Hakunilaumu hata kidogo. Alinikaribisha vizuri, tukaongea, afu akasema mwalimu naomba nikuulize kitu. Akaanza kuisema Imani ya Mitume taratibu, macho kayaelekeza darini, alipofika kwenye "ushirika wa watakatifu" akasimama, akaniangalia, akauliza: hapa maana yake nini?

Jamani sikuwa na jibu. Na ni mimi nilomfundisha hicho kipengele, nakumbuka mpaka noti zangu, nilikipa dakika tano kwasababu muda ulikuwa umeisha.

Toka siku hiyo Matendo 2:42 naisoma tofauti, "wakawa wakidumu katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali." Yote manne yako kwenye pumzi moja, mimi nilikuwa nimelichukua la kwanza nikaliweka darasani, ushirika nikadhani ni kazi ya watu wengine. Sasa naomba tupeane uzoefu, kile ulichokiona kwa macho yako. Ulifundishaje watu wakaelewa, na walibakije pamoja?

Mchangiaji 2

Amina mtumishi, umenigusa. Ngoja niseme yangu kuhusu Utatu, yaani Mungu mmoja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, maana hapo ndo nilipojifunza kufundisha.

Kwa miaka nilikuwa natumia mfano wa maji. Yakiwa maji ni maji, yakiganda barafu, yakichemka mvuke, kitu kimoja hali tatu, basi na Mungu ndo hivyo, watu wanatikisa kichwa tunaendelea na somo linalofuata. Siku moja kuna binti wa kama miaka kumi na nne akanyoosha mkono akasema, mwalimu, Yesu alipobatizwa alikuwa ndani ya maji, na Roho alishuka kama hua, na sauti ya Baba ikatoka mbinguni. Sasa kama yote yameshakuwa barafu, sauti ilitoka kwa nani?

Darasa lote kimya. Nikamwambia nipe wiki moja. Wapendwa ile wiki nilisoma kuliko miaka yote ya nyuma, nikakuta kumbe mfano wangu unafundisha kitu ambacho kanisa lilishakikataa tangu karne ya 3, yale mafundisho ya Sabelio kwamba Mungu ni nafsi moja inayojitokeza kwa sura tofauti. Mimi nilikuwa nafundisha hivyo hivyo kwa nia njema kabisa!

Wiki iliyofuata nikarudi nikawaambia watu wazima kwa watoto, nilikosea, futeni ule mfano. Afu tukafungua Mathayo 3 tukasoma taratibu, nani anaongea, nani yuko majini, nani anashuka. Tukaenda Yohana 1, tukaenda Mathayo 28:19 ambapo jina ni moja na wanaotajwa ni watatu. Ndo nikawaeleza ya Ario, aliyesema Mwana ana mwanzo, ameumbwa, na jinsi maaskofu walivyokutana Nikea mwaka 325 wakakiri kwamba Mwana amezaliwa bila kuumbwa, ana umungu mmoja na Baba. Wakaona kwamba yale maneno wanayoyasema kila Jumapili hayakuandikwa ili kupamba ibada, kila neno pale lina mtu aliyelipigania.

Ila nilichotaka kusema kuhusu ushirika ni hiki. Kabla ya ile siku, darasa langu lilikuwa la watu kukaa na kuandika. Baada ya mwalimu kusema nilikosea, watu walianza kuuliza. Mzee mmoja akasema yeye miaka ishirini hajui "akashuka kuzimu" ni nini na alikuwa anaona aibu kuuliza. Wakaanza kubaki baada ya kipindi, wawili wawili, wakaombeana. Sikuwapangia, ilikuja yenyewe.

Mchangiaji 3

Mimi nafundisha sande skuli. Watoto waliniuliza kwanini Pilato katajwa kwenye Imani wakati ni mtu mbaya, hata Petro hayumo! Nikawaambia ni kwasababu Yesu aliteswa kweli, sehemu ya kweli, mtawala akiwa mtu anayejulikana, na kuna jiwe lilichimbuliwa Kaisaria mwaka 1961 lina jina la Pilato limechongwa. Mtoto mmoja wa miaka saba akasema "kwa hiyo sio hadithi." Hilo tu. Nikaona nimemaliza somo la siku hiyo.

Mchangiaji 4

Naomba niwe tofauti kidogo, sio kwa ubishi. Mleta mada yeye alikuwa na mafundisho bila ushirika, sisi tulikuwa na kinyume chake na nakwambia kilitugharimu.

Kikundi chetu cha nyumbani kilikuwa kinapendana hatari. Mtu akifiwa tuko pale usiku kucha, mtu akijifungua tumeshafika, tunachangiana, tunaimba vizuri, mtu akitutembelea anasema hapa kuna upendo. Lakini Neno tulikuwa tunasoma mstari mmoja, kila mtu anasema ulivyomgusa, tunafunga kwa maombi. Hakuna aliyekuwa anauliza huu mstari unasema nini hasa.

Akaja mtu, mwongeaji mzuri, akaanza kuhudhuria, taratibu akawa ndo mwalimu wetu. Fundisho lake lilikuwa kwamba mwenye imani kamili haugui, ukiugua kuna dhambi umeificha. Tulikuwa na dada yetu mmoja ana ugonjwa wa muda mrefu. Wapendwa, watu wale wale waliokuwa wanamwosha na kumfulia wakaanza kumwangalia kwa jicho jingine, wakaanza kumuuliza ana nini hajatubu. Akaacha kuja. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu yule bwana kwa maandiko, japo majibu yalikuwepo pale pale mezani kwenye biblia zetu! Epafrodito aliugua karibu ya kufa, Wafilipi 2. Timotheo alikuwa na tumbo na magonjwa ya mara kwa mara, 1 Timotheo 5:23. Trofimo, Paulo anasema alimwacha Mileto mgonjwa. Ina maana Paulo mwenyewe hakuwa na imani?

Nusu ya kikundi waliondoka nae. Tuliobaki tulikwenda kwa yule dada kumwomba radhi, watu sita tumejipanga mlangoni, yeye ndo akatuambia ingieni mbona mmesimama. Tukaanza upya, na safari hii kwa kusoma kitabu kizima kizima, tulianza na Wafilipi, sura nne tulimaliza kwa miezi mitatu. Ndo maana nikisikia mtu anasema mafundisho hayana haja, upendo unatosha, huwa naumia. Upendo wetu ndo ulokuwa wa kwanza kuharibika.

Mleta mada

Mchangiaji 4 nimesoma mara mbili. Asante kwa kuwa muwazi. Na Mchangiaji 2 ule mfano wa maji hata mimi nimeutumia, kesho tu naanza kurekebisha.

Swali, kuna yeyote amefundisha watu wasiojua kusoma? Darasa la sasa nina mama wawili watu wazima na naona noti zangu haziwafikii.

Mchangiaji 5

Mama hao usiwape karatasi mwalimu, wape swali. Bibi yangu hakujua a wala b na alikuwa mwalimu wangu wa kwanza. Alikuwa na katekisimo, yale mafundisho ya msingi ya imani, yote kichwani kwa njia ya swali na jibu, tunafanya kazi huku ananiuliza, nikikosea anarudia yeye, tunaendelea. Hii njia ni ya zamani sana, Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa Ujerumani, alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 aliielekeza kwa wazazi wawafundishe walioko nyumbani mwao, na kila kipengele kinafuatiwa na swali lile lile, "maana yake nini?" Katekisimo nyingine, ile ya Heidelberg ya huko huko Ujerumani, ya mwaka 1563 nayo ilipangwa kwenye Jumapili 52 ili mwaka uishe imefundishwa yote. Watu walikuwa wanaingiza imani masikioni kidogo kidogo.

Mimi nafanya hivi, swali moja kwa wiki, jibu fupi, tunalisema pamoja mara tatu, afu nawagawa wawili wawili, anayejua kusoma na asiyejua, na katikati ya wiki lazima wakutane waulizane. Sio kwa simu, waonane. Mwanzoni nililenga wakariri tu. Lakini mtu akija kukuuliza "kusudi la kuishi kwako ni nini" lazima mtaongea na mengine, utajua ana mgonjwa, utajua ada imekwama. Yaani swali ndo linafungua mlango wa nyumba.

Na hao mama, ukishawafundisha, wape na wao watu wa kuwauliza. Utashangaa.

Mchangiaji 6

Yangu ni fupi na sijawahi kuisema. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilikuwa sisalimiani na mhazini wetu karibu mwaka mzima, mambo ya hesabu za ujenzi, kila mmoja anaona yuko sahihi. Nikapangiwa kufundisha 1 Wakorintho 11 kabla ya Meza ya Bwana. Naandaa somo usiku nikagundua mimi siku zote nilikuwa nafundisha "kujihoji" kama vile mtu anahesabu dhambi zake za sirini, lakini ukisoma kuanzia mstari wa 17 tatizo la Wakorintho lilikuwa ni faraka, wenye nacho wanatangulia kula, wasio nacho wanaona njaa na kutahayarika, ndani ya kanisa moja. Wanakuja mezani huku wamegawanyika.

Nilifundisha. Somo lilikwenda vizuri, watu wakasema amina. Meza ilipoandaliwa nikashindwa kusogea. Nikatoka nikakaa ngazini nje, naangalia viatu vyangu. Sijui zilipita dakika ngapi, nikasikia mtu anakaa pembeni yangu, na kwa kukohoa tu nikajua ni yeye. Hakusema kitu muda mrefu. Afu akasema, na mimi nimeshindwa. Tuliongea pale mpaka ibada ikaisha, hatukushiriki siku hiyo, mchungaji alikuja akatukuta akarudi ndani bila kuuliza. Hesabu bado tulitofautiana, tukaomba mtu wa tatu azipitie. Mwezi uliofuata tulikwenda mezani pamoja.

Miaka kumi na moja ya uzee wa kanisa, hilo ndo somo la ushirika nililolielewa.

Mchangiaji 7

Mimi ni mwongofu mpya, nina miezi minane tu, nasoma huku machozi yananitoka. Naomba niwaambie walimu kitu kutoka upande wetu. Wengi tunaogopa kuuliza kwasababu kila mtu kanisani anaonekana anajua. Maneno kama neema, kutakaswa, agano, mnayasema haraka. Kuna mama mmoja alinisaidia, baada ya ibada ananiuliza leo ni neno gani hukulielewa? Anauliza lipi, sio kama nimeelewa au la. Kwa hiyo nikawa huru kusema. Nikisoma Akila na Prisila walivyomchukua Apolo kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi namuona yule mama, maana hata wao hawakumsahihisha mbele za watu.

Mleta mada

Wapendwa nimerudi, nimeandika mengi kutoka kwenu kwenye daftari. Hilo swali la "neno gani hukulielewa" naanza nalo Jumapili hii, na wale mama wawili nimeshawapangia wenzao wa kuulizana.

Mtu fulani kanitumia ujumbe binafsi kuuliza yule kaka wa mguu aliishia wapi. Nilirudi kwake wiki iliyofuata, sikwenda peke yangu, nilikwenda na watu wanne wa darasa lake la zamani, wawili kati yao hawakuwa wanajua hata jina lake japo walikaa benchi moja wiki kumi na mbili. Tukafanya kipindi pale pale kitandani kwake, kipengele kimoja tu, kile kile. Saa moja na nusu. Mguu umepona, anachechemea kidogo. Sasa ndo yeye anashika orodha ya majina ya darasa, na nimempa ruhusa hata kama nafundisha anisimamishe aseme fulani hajaonekana wiki mbili. Juzi kanisimamisha katikati ya somo la ufufuo. Walikuwa wawili, Alhamisi tunakwenda.