Fidla na banjo za milimani Marekani: nyie mnazifaidije?

Mpiga Zeze, Bagamoyo:
Wakuu, heshima kwenu. Juzi wageni wawili kutoka Virginia walipiga fidla na banjo barazani kwa jirani yetu, bila spika. Wimbo mmoja karibu dakika kumi, ule ule, wote wawili wanafuata sauti moja. Hakuna zamu ya mtu kuonyesha ufundi wake. Mwanzo nilingoja ubadilike. Halafu nikamkazia macho yule wa banjo: ukucha wa kidole cha shahada unashuka juu ya nyuzi, kisha dole gumba linadonoa ule uzi mfupi wa tano, ti, ti, halikosi. Mwili ukanisisimka. Lakini watu tulikaa kimya kama tuko msibani, hatujui hata makofi tupige wapi. Jumamosi wanapiga tena. Nifanyeje nifaidi?

Mama wa Ngamiani:
Mwanangu, huku Tanga taarabu ikikolea tunainuka kutunza, hatungoji ruhusa. Muziki wa kukaa kimya mimi siuwezi.

Msafiri76:
Mama shikamoo. Na huo si wa kukaa kimya, ni wa kuchezwa. Unarudiwa ili wachezaji wapate muda wa kuzunguka, na yupo mtu wa kuwaitia hatua. Nilipokuwa nasoma North Carolina nilikwenda Galax, mji wa jirani huko Virginia, kwenye mashindano ya wapiga fidla yaliyoanza 1935. Jukwaani pazuri, ila utamu niliukuta kwenye maegesho: watu wamekaa duara nyuma ya magari, wanapiga mpaka usiku wa manane. Kaka, mwangalie aliyeanzisha wimbo. Akinyanyua mguu, hiyo ni raundi ya mwisho. Makofi hapo.

Na ule ukucha unaoshuka si mgeni Afrika. Wajola wa Senegal na Gambia hupiga akonting, ala yao ya nyuzi, hivyo hivyo, dole gumba kwenye uzi mfupi. Banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo.

Mpiga Zeze, Bagamoyo:
Kumbe mguu! Niliuona, nikadhani anajinyoosha. Hilo la Wajola limenigusa sana, kaka. Je, nikienda na zeze langu watachukia?

Msafiri76:
Hawachukii. Mwombe wa fidla akupe sauti ya uzi wake wa A, ulinganishe. Sikiliza raundi tatu nne kwanza, kisha ingia polepole.

Mama wa Ngamiani:
Baraza hilo liko mtaa gani? Nakuja na wanangu, tutacheza.