Shimo la kunyonya maji taka limegoma: je, nichimbe jingine?

Mkazi wa Bunju: Ndugu zangu, nyumba yetu ina karo (tangi la chini ya ardhi linalopokea maji taka kwanza) na shimo la kunyonya maji, katika udongo wa mfinyanzi. Tangu masika yaanze, choo kinashuka polepole na ardhi juu ya shimo imelowa na inanuka. Gari la maji taka lilinyonya, lakini baada ya muda mfupi hali ikarudi ileile.

Fundi bomba: Usianze na kuchimba, ndugu. Fungua karo uangalie kama bomba la kutokea lina kiungo cha T, kwa sababu kikikosekana, mafuta ya jikoni na tope hupita hadi shimoni na kufanya utando mweusi unaoziba udongo, ambao gari haliwezi kuuondoa. Maji ya paa nayo yasielekezwe huko.

Mhandisi mstaafu: Nakubaliana, ila mfinyanzi haunyonyi upesi. Chimba kishimo cha majaribio, ukijaze maji mpaka udongo ulowe, kisha ukijaze tena na upime yanavyoshuka. Maji ya ardhini yakijitokeza, kwenda chini zaidi ni kuchafua visima vya majirani; afadhali mitaro mirefu ya kina kifupi yenye kokoto, walau mita 30 kutoka kisimani.

Mkazi wa Bunju: Nimefungua, kiungo hakipo kabisa! Shimo la zamani nilifukie?

Fundi bomba: Hapana. Weka kiungo, jenga mitaro, na uliache shimo lipumzike miezi kadhaa likiwa limefunikwa imara, maana watoto hawaaminiki. Utando ukipungua, utatumia shimo na mitaro kwa zamu.