Mafundi wa "rimoti moja" hapa Dodoma, mnauza makro ambazo hamjazijaribu

Wakuu, hili la "kitufe kimoja, sinema inaanza", yaani makro, amri kadhaa zinazotumwa moja baada ya nyingine kwa kubonyeza mara moja, limezidi. Kuanzia Kisasa hadi Ilazo na Area D, fundi anafunga TV, amplifaya na king'amuzi, anakopi vitufe kwenye rimoti ya kujifunza, anabonyeza mara moja mbele ya mteja, vinawaka vyote, anachukua hela yake anaondoka. Umeme ukikatika na kurudi, kitufe kilekile kinawasha TV na kuzima amplifaya. Ukimpigia anasema rimoti imekufa, nunua nyingine. Uongo mtupu! Rimoti ni nzima, kazi ndiyo mbovu.

Kitufe cha power cha rimoti nyingi ni kigeugeu: amri ni moja, kifaa kikiwa kimezima kinawaka, kikiwa kimewaka kinazima. Umeme ukirudi, TV moja inabaki imelala na nyingine inawaka yenyewe. Kifaa kimoja kikishapishana na vingine, makro yako itavipishanisha kila siku. Dawa ni amri mbili tofauti, ya kuwasha tu na ya kuzima tu. TV na amplifaya nyingi zinazo, ila hazina kitufe kwenye rimoti yake ya asili, kwa hiyo kukopi vitufe hakutazipata kamwe. Inabidi uzitafute kwenye orodha ya kodi (namba za amri za rimoti) za modeli husika. Ukizikosa, kuna ujanja: baadhi ya TV huamka ukibonyeza namba yoyote, na zikiwa macho hazizimi kwa namba hiyo. Basi makro ya kuzima iwe namba, subiri sekunde 10 hadi 15, halafu power. Hapo itazima tu, iwe ilikuwa macho au imelala.

La pili, na hili ndilo linaniudhi kuliko yote, ni CEC ya HDMI, yaani vifaa kuamrishana vyenyewe kupitia waya wa HDMI. Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. TV ikiwaka inaiamsha amplifaya kupitia waya wa HDMI. Sekunde mbili baadaye makro nayo inatuma power kwa amplifaya, inazima. Fundi anakuna kichwa, kisha anazima CEC kabisa na kujiona mjanja. Kumbe kwenye TV nyingi ARC (njia ya kurudisha sauti ya TV kwenye amplifaya kwa waya uleule wa HDMI) inaondoka nayo, na sauti ya YouTube ya kwenye TV haifiki tena kwenye spika. Chagua moja: acha CEC iwashe amplifaya na uitoe power ya amplifaya kwenye makro, au zima CEC na upitishe waya wa optiko kurudisha sauti.

Muda nao. TV inaweza kuchukua sekunde 10 kabla ya kukubali amri ya kubadilisha HDMI. Ukiweka sekunde 1, amri inapotelea hewani. Na mwambieni mteja aielekeze rimoti kwenye vifaa mpaka taa yake iache kumeta. Akiitupa kwenye kochi sekunde ya tatu, nusu ya amri zinaishia kwenye mto.

Kukopi kwenyewe mnakosea. Rimoti mbili zitazamane, sentimita 2 hadi 5, mezani, mbali na jua la dirishani. Jua la Dodoma la saa tisa mchana lina infraredi (mwanga usioonekana ambao rimoti hutumia) ya kutosha kuvuruga usomaji, na vumbi letu likikaa kwenye jicho la king'amuzi linakula nguvu iliyobaki. Bonyeza kifupi, usishikilie. Vifaa vya RC5, mojawapo ya mifumo ya amri za infraredi, vina alama inayogeuka kila ukibonyeza upya. Rimoti iliyokopi inairudia ileile, kwa hiyo ukitaka chaneli ya 11 unapata 1 tu, kifaa kinadhani umeshikilia kitufe. Hapo ingiza kwenye rimoti kodi ya tarakimu 4 inayotambulisha kifaa, badala ya kukopi.

Rimoti ya Bluetooth haikopiki. Fire TV Stick haina jicho la infraredi hata kidogo, na bado kuna anayeahidi kuiingiza kwenye rimoti ya bei chee. Aibu.

Kabla hujamlipa fundi, chomoa ekstensheni ukutani, subiri dakika moja, chomeka, bonyeza kitufe. Kisha zima vyote, washa TV peke yake kwa mkono, bonyeza tena. Vyote vikiwa macho mara zote mbili, mlipe. Mwambie pia aandike kodi kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha betri, maana rimoti za bei rahisi husahau kila kitu AAA zikitolewa. Ukishuku rimoti haitoi kitu, itazame kwa kamera ya mbele ya simu huku unabonyeza. Taa ya zambarau ikimeta, inatuma.

Mwenye kodi ya kuwasha tu iliyokubali kwenye TV yoyote aiweke hapa, na modeli kamili iliyoandikwa mgongoni mwa TV. "Ni ya inchi 43" siyo modeli.