Mume na mke tukiwa safarini nje ya nchi, tufuatilieje matumizi ya kila mwezi?

Mkulima wa Newala, Mikindani

Habari zenu, wanajamvi. Mimi na mke wangu tunaishi Mikindani, na mikorosho yetu iko Newala. Malipo ya korosho yakishaingia tunakusudia kusafiri miezi minne, kuanzia Januari na kurejea kabla ya wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Tutapitia mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi, kisha Zambia, kwa kuwa nchi zote mbili hazitutozi viza sisi Watanzania. Tumejipangia shilingi 1,800,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa siku kwa watu wawili, tukilala nyumba za wageni za kawaida na kula nsima, yaani ugali wao, pamoja na wenyeji.

Linalonisumbua ni hesabu. Mwaka jana tulikwenda njia hiyohiyo kwa mwezi mmoja, nikawa naandika kila kitu. Tuliporudi, daftari lilionyesha tumetumia 1,340,000, ilhali fedha zilizotutoka ni 1,705,000. Shilingi 365,000 hazikuwa na maelezo, na jambo hilo lilizua kati yangu na mwenzangu maneno ambayo sipendi yarudi. Sisi hulipwa kwa msimu. Fedha ikikatika mwezi wa Machi, hakuna mnada wa kutuokoa hadi Oktoba. Naomba pia kujua nauli kubwa, pasipoti na posho ya mlinzi tunayemwacha nyumbani ziandikwe wapi.

Mama wa Nachingwea

Pole, kaka. Mimi na baba watoto tulikaa nje miezi mitano, na mwezi wa kwanza yalitukuta hayohayo. Usiharakishe kumshuku mtu. Anza na kiwango ulichotumia kugeuza fedha. Je, uliandika kile ulichobadilishia, au kile ulichosikia kikitangazwa? Sisi tulipobadilisha shilingi 210,000 na kupata metikali 5,000, fedha ya Msumbiji, kila metikali ilikuwa imetugharimu shilingi 42, hata kama mtu mwingine angesema ni 40. Kwa hiyo chumba cha metikali 800 kiliandikwa shilingi 33,600, na fungu lile lilipokwisha ndipo tulipoandika kiwango cha fungu jipya. Msichukue kiwango kimoja kwa safari nzima. Novemba 2023 tulikuwa Malawi, na dola iliyokuwa takribani kwacha 1,180 ikapandishwa hadi 1,700 kwa uamuzi wa benki kuu yao. Hesabu tuliyoifanya wiki moja kabla haikufaa tena.

Kisha kuna jina la kwacha lenyewe. Malawi wana kwacha na Zambia wana kwacha, lakini thamani zao hazikaribiani hata kidogo. Anayeandika "chakula, kwacha 80" na kufunga daftari, baada ya siku tatu hawezi kujua alikuwa upande gani wa mpaka. Sisi tuliandika M au Z mbele ya kila tarakimu.

Lililotuponya hasa ni kuhesabu fedha kila usiku. Mimi nilikuwa nafunga noti kwenye pindo la kanga, na mume wangu alizitia katika mfuko wa ndani wa suruali. Kabla ya kulala tulizimwaga zote kitandani, za kwake na za kwangu, tukahesabu zilizobaki na kulinganisha na za jana yake. Daftari likisema tumetumia kwacha 14,000 na noti zikisema 16,500, zile 2,500 bado unazikumbuka usiku huohuo: ni maji ya kunywa, ni usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga tulionunua stendi, ni choo cha kulipia. Ukisubiri Jumapili, zimekwisha kupotea. Fedha mnazotoa benki msiziandike kama matumizi, kwa sababu zimehama tu kutoka benki kuja mfukoni. Makato ya kuzitoa ndiyo matumizi.

Mhasibu, Lindi

Naafikiana na dada kwa yote, nikiongeza la nauli na pasipoti. Wekeni safu mbili katika ukurasa wa kila mwezi: ya kwanza fedha zilizotoka mwezi huo, ya pili gharama ya mwezi huo wenyewe. Pasipoti ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10, hivyo mzigo wake ni 1,250 kwa mwezi kwa kila mmoja wenu. Mkiibebesha Januari yote, Januari itaonekana mbaya bila kosa. Nauli ya kwenda na kurudi igawanywe kwa idadi ya siku za safari nzima. Treni ya TAZARA, kwa siku inazofanya safari, ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na nauli yake inabeba pia malazi ya njiani, kwa hiyo usiku huo usiutafutie tena gharama ya chumba.

Safu ya kwanza, hata hivyo, ndiyo itakayowaambia kama mtafika Mei. Nimewaona watu wenye wastani mzuri kabisa kwenye karatasi huku mfukoni hamna nauli ya kurudia.

Posho ya mlinzi na gharama za shamba ziwe na ukurasa wake. Mngezilipa hata mngebaki Mikindani.

Mkulima wa Newala, Mikindani

Nawashukuru sana. Jana usiku tulikaa mimi na mke wangu tukalipitia daftari la mwaka jana upya. Zambia tulitoa shilingi 800,000 tukapata kwacha 8,000, yaani 100 kwa kila moja, lakini mimi niliandika 92 niliyoisikia redioni; kwa kwacha 7,400 pengo ni 59,200. Zile 600 zilizobaki zilikuwa za chumba cha Lusaka, nami nilizigeuza kama za Malawi nikaandika shilingi 900 badala ya 60,000. Halafu mke wangu akafungua kopo la vifungo na kutoa kwacha 62,000 za Malawi, ambazo ni kama shilingi 93,000, tulizorudi nazo bila kuzibadilisha. Jumla tumepata maelezo ya 211,300, na nimemwomba radhi. Zilizobaki, 153,700, naamini ni vitu vidogovidogo. Sasa swali langu la mwisho: daftari lishikwe na nani?

Mama wa Nachingwea

Kaka, umefanya vema kumwomba radhi. Daftari mpokezane wiki kwa wiki, ili asiwepo mmoja wa kuhoji na mwingine wa kuhojiwa. Pia kila mmoja apewe kiasi chake cha mwezi ambacho hatakitolea maelezo. Sisi kilikuwa shilingi 40,000 kwa kila mmoja. Siku kinapotolewa kiandikwe chote kwa mstari mmoja, kihifadhiwe kando ili kisihesabiwe na noti za usiku, na kinavyotumika baada ya hapo mwenzake asiulize. Zile kwacha za kopo zibebeni, mtazihitaji Karonga mkishavuka tu.